Mama Ukurasa na Ukurasa wa Sitini na Tatu

Mara ya kwanza nilipokutana na Mama Ukurasa sikuuona uso wake wala sikuisikia sauti yake. Nilisoma maneno yake saba kwenye simu, na maneno hayo yakaniharibia siku nzima.

Mimi nauza mashine za kushonea zilizotumika. Nanunua mnadani viwanda vinapofungwa, nafuta vumbi, natia mafuta, nauza. Vipuri navyo nauza, kwa jumla. Si fundi. Najua mashine kama mchinjaji anavyomjua ng'ombe: bei ya kila kiungo iko kichwani, lakini ukiniuliza ng'ombe anapumuaje, tafuta mtu mwingine. Ndiyo maana nilijiunga na kundi la mafundi wa cherehani kwenye simu. Tuko watu mia nne na hamsini mle. Wengi wanauliza, wachache wanajibu, na mimi huwa nasikiliza nani kavunja kipuri gani, nimfuate pembeni na bei yangu.

Siku hiyo mwenye shida nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemuuzia shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Shemeji ana karakana ya sare za shule, wanawake sita na pasi mbili, na alikuwa na mashati mia tatu ya kukabidhi Jumatatu. Yameshonwa yote, kola zimekaa, mifuko imekaa, yamebaki matundu ya vifungo tu. Mashine ilifanya kazi siku mbili bila neno. Siku ya tatu, Jumatano, kisu chake kikaanza kushuka kabla sindano haijamaliza. Kazi ya kisu kile ni kupasua kitambaa katikati ya mshono, mshono ukishakamilika. Kikishuka mapema kinakata nyuzi, na badala ya tundu unapata kidonda.

"Shemeji," aliniambia kwenye simu, kwa ile sauti ya taratibu ambayo mke wangu pia anayo, "shati la tisa hili naharibu. Siku ile uliniambiaje?"

Nilikuwa nimemwambia: ikikataa nairudisha, neno langu ni neno. Wauzaji tunasema hivyo. Lakini kuirudisha kusingemsaidia chochote. Mashati yangebaki bila matundu, shule ingempa kazi mtu mwingine, na mimi kwenye familia ile ningekuwa yule aliyemuuzia dada mkubwa chuma chakavu. Wateja ninao wengi. Ukweni ninako kumoja tu.

Nikapiga picha, nikaandika kwenye kundi kwa adabu zote: "Wakuu, habari za asubuhi. Mashine ya matundu, kisu kinashuka mapema. Tatizo ni nini?"

Jibu likaja kabla sijaweka simu mezani. "Soma kitabu. Ukurasa wa sitini na tatu."

Basi. Hakuna pole, hakuna salamu. Wenzangu wakafurahi.

"Pole bosi, umeshapewa dozi yako," mmoja akaandika.

"Mimi mwaka jana aliniambia ukurasa wa arobaini. Mpaka leo nautafuta."

"Huyo mama siku akifika mbinguni atamuuliza malaika wa mlangoni kama amesoma kitabu."

Nikamfuata pembeni, kama ninavyowafuata wote. "Shikamoo mama. Kitabu sina. Niambie kwa kifupi tu, sitakusahau."

Alichukua saa nzima. "Marahaba. Mashine ilikujaje bila kitabu?"

"Ya mnadani, mama. Vitu vya mnadani unavijua."

"Tafuta kitabu."

"Basi nipigie picha huo ukurasa. Taja bei."

Hapo akanyamaza. Nina miaka ishirini na miwili kwenye biashara. Ukimwambia mtu ataje bei akanyamaza, ni mawili: ama anapiga hesabu, ama bidhaa hana. Mimi nikachukulia anapiga hesabu. Hapo ndipo nilipokosea, na huwa sikosei hapo.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwake. Kumpata hakukuwa kazi. Fundi mmoja wa kwenye kundi alinielekeza: ukifika kwa dobi mwenye mlango wa bluu, zunguka nyuma, ukisikia mtu anazungumza na mashine, ni yeye.

Na kweli alikuwa anazungumza nayo. "Tulia," alikuwa akiiambia cherehani iliyolazwa ubavu. "Tulia, hujafa." Alikuwa mama mfupi wa kama miaka hamsini na tano, miwani imefungwa kwa lastiki nyuma ya kichwa, lastiki ile ile ya kushonea sketi. Chumba chake kilikuwa na upana wa kitanda na nusu, lakini sijaona chumba kilichopangwa vile. Skrubu zimekaa ndani ya vizibo vya chupa kwa ukubwa. Sumaku inaning'inia kwa uzi juu ya meza, ya kuokotea sindano zilizoanguka. Mikasi imetundikwa ukutani, kila mmoja una kikaratasi cha mwenyewe. Kwenye kona, chini ya kitambaa cha maua, kulikuwa na mashine kubwa. Sikuhitaji kufunua. Umbo lile nalijua: mashine ya matundu ya vifungo, ndugu ya ile ya shemeji.

"Ni wewe wa kisu," akasema bila kuinua kichwa.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umesoma?"

"Mama, ningekuwa nimesoma ningekuja?"

"Wengine huja." Akasukuma daftari lililofungwa mezani kwa uzi. "Andika ugonjwa wake."

"Si nimeshakueleza kwenye simu?"

"Mdomo unasahau na simu inazimika. Andika."

Nikaandika: Kisu kinashuka mapema, sindano haijamaliza. Akalivuta daftari, akalisoma. Akalisoma tena. Akasimama, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, kama mtu anayekagua noti. Kisha akarudi, akatoa chini ya meza faili moja nene, akalifungua mbele yangu.

Hicho ndicho kilikuwa kitabu. Kila ukurasa umeingizwa kwenye plastiki yake. Lakini karatasi zenyewe zilikuwa na mikunjo elfu, mikunjo kama ya kiganja cha mkono, na zimenyooshwa kwa pasi mpaka zinang'aa. Nyingine zina duara la mafuta. Nyingine zimetobolewa na ncha za skrubu. Kando ya kila ukurasa, kwenye kipande cha karatasi nyeupe, kumeandikwa kwa penseli tafsiri ya Kiswahili, herufi ndogo zimesimama wima kama wanafunzi mstarini.

"Mbona zimekunjamana hivi?" nikauliza.

"Zimekuja hivyo."

Akafunua ukurasa mwingine. Kwenye pembe, kwa kalamu nene nyekundu, pameandikwa: skrubu ndogo, dazeni mbili. Akafunua mwingine. Springi za mguu, dazeni moja. Mwingine. Sindano nene, nusu dazeni.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Niliinua macho nikajifanya natazama feni. Hapakuwa na feni.

"Hii zedi yako ina mkia," akasema, kidole kikiwa kwenye daftari, kidole kingine kwenye neno dazeni. "Nimeutazama mkia huu miaka minne. Nilisema mwenye mkia huu nitampata."

"Watu wengi wanaandika hivyo, mama."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi nani?"

"Ukurasa wa sitini na tatu," akasema. "Ulifungia nini?"

Acha nieleze, maana nilichofanya hakikuwa cha ajabu kwenye kazi yetu. Miaka minne nyuma nilinunua kwa dalali mzigo uliotoka kiwanda cha mashati kilichofungwa: mashine nane za matundu, magunia mawili ya vipuri, na ndani ya droo ya meza moja, kitabu. Wanunuzi wangu hawajawahi kuniulizia kitabu. Wanauliza bei, halafu wanauliza bei ya mwisho. Karatasi yake ilikuwa nzuri, nene, haichaniki na ncha ya skrubu. Nikakitundika kwenye msumari stoo, na kila nikifunga vipuri vidogo nachana karatasi, nafunga, naandika juu. Nikawauzia wenye maduka, nao wakawauzia mafundi. Vipuri vinapita mikono mitatu kabla ya kufika kwenye mashine, kwa hiyo hakuna fundi aliyejua vimetoka kwangu. Nasi wa jumla hatusemi. Nikakumbuka sasa kwamba kuna siku mtu aliuliza kwenye kundi, "Karatasi hizi za kufungia zinatoka duka gani?" Niliona. Nilipita.

"Mama," nikasema, "kwani kitabu hiki kina nini, mpaka uhangaike kukipiga pasi?"

Alivua miwani. Nilidhani atanitukana. Badala yake akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia safari ya sokoni.

Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda kile kile, miaka kumi na mmoja, kwenye mashine ya matundu. Walilipwa kwa shati. Mashine ikikwama, hushoni, na usiposhona hulipwi. Fundi wa kiwanda alikuwa mmoja, na kitabu kilikuwa kimoja, ndani ya droo, na ufunguo wa droo kiunoni mwa fundi. Mashine ikikwama wanawake wanakaa wamekunja mikono mpaka fundi amalize chai, na chai yake ilikuwa ndefu. Siku moja alimwomba akione tu kitabu. Fundi akamwambia, "Hiki si kitabu cha hadithi, dada." Wenzake wakacheka, naye akacheka. "Unacheka tu," aliniambia. "Utafanyaje?"

Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi wa zamani wakapewa mashine badala ya haki zao. Akachukua ile ile aliyoikalia miaka yote. Mwaka haukuisha, kisu kikaanza kushuka mapema. Ikawekwa kona, ikafunikwa kitambaa. Akaanza kujifunza ufundi kwa cherehani za kawaida, akaharibu, akatengeneza, mpaka watu wakamzoea. Siku moja akanunua skrubu dukani, akafungua karatasi, akaona mchoro wa mashine yake, na pembeni muhuri wa kiwanda.

"Nilikaa chini," alisema. "Pale pale dukani."

Toka siku hiyo akawaambia mafundi wa mitaa yote: ukiniletea karatasi yenye picha ya mashine, nakunolea mkasi bure. Ndiyo ile mikasi ukutani. Lugha ya kitabu hakuijua vizuri, akanunua kamusi isiyo na jalada, akasoma neno kwa neno. Miaka minne. Kitabu kilikuwa na karatasi arobaini na nane. Alikuwa nazo arobaini na tatu.

"Na ya sitini na tatu?"

Akapanga miwani yake mezani, akaipanga tena.

"Sina," akasema.

"Huna?"

"Nina yaliyomo. Ukurasa wa tatu na wa nne. Yanasema: kisu kushuka mapema, ukurasa wa sitini na tatu. Basi. Wenyewe sijawahi kuuona."

Hapo nikaelewa mambo yote ya kundi kwa mkupuo. Nilipotoka kwake nilirudi kuyasoma mazungumzo ya nyuma, na ilikuwa kweli: kila mtu aliyeuliza jambo ambalo karatasi yake mama anayo, alitumiwa picha na tafsiri, akashukuru au hakushukuru, akaondoka. Wale tu waliouliza kilichokuwa kwenye zile karatasi tano ndio walioambiwa wasome kitabu, na ndio waliopiga kelele. Jina la dharau, Mama Ukurasa, lilitoka kwao.

"Nilikuwa natupa ndoano," alisema. "Nilidhani mwenye kitabu atakasirika, atautuma huo ukurasa ili anikomeshe."

"Si ungesema tu huna?"

"Mbele ya wanaume mia nne? Wananitafutia kosa tangu siku niliyoingia. Niwaambie kitabu changu kina mashimo?"

Mtu mwingine angeona haya. Mimi niliona kidogo, kisha nikaona na jambo lingine: bidhaa anayoitaka iko stoo kwangu, kama haijauzwa. Nikavuta kigoda.

"Mama, tufanye hivi. Nikiupata huo ukurasa, unakuja kutengeneza mashine ya shemeji yangu bila malipo. Zikipatikana zote, unaniachia nitoe nakala za kitabu niuze. Wewe unapata kitabu, mimi napata jasho langu."

"Jasho la nini?"

"La kutafuta."

"Baba, umechana kitabu cha watu, sasa unataka kuniuzia vipande?"

"Nilinunua kihalali."

"Ulinunua chuma. Kitabu kilikuwa ndani ya droo."

"Na droo ilikuwa ndani ya meza, na meza ilikuwa kwenye mzigo."

Akacheka. Cheko lake lilikuwa fupi, kama mkasi unaokata uzi. Kisha akanipa masharti yake, na niseme ukweli, nimekaa mezani na madalali wenye meno lakini sijawahi kubanwa vile. Kwanza, natafuta kurasa zote tano, si moja. Pili, kitabu kikikamilika, picha zake zinaingia kwenye kundi bure, kwa kila mtu, na hakuna wa kufungia droo. Tatu, mashine ya shemeji haigusi.

"Huigusi? Sasa mimi nakupa kitabu kwa faida gani?"

"Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti. Wewe utasoma, wewe utakaza skrubu."

"Mimi si fundi, mama."

"Na mimi sikuwa."

Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni, kama tunavyofanya, nikisubiri aniite. Hakuniita. Nikasikia anaendelea kuiambia cherehani yake itulie. Nikageuka mwenyewe.

Ijumaa nzima nilikuwa stoo na mke wangu, tunafungua vifurushi. Nilimweleza mambo nusu, akamalizia mwenyewe nusu iliyobaki.

"Kwa hiyo kisu cha dada kinashuka kwa sababu ulichana kitabu?"

"Si kwa sababu hiyo."

"Lakini kingepona kama usingechana."

"Fungua kifurushi hicho, mke wangu."

Ni yeye aliyeupata. Ukurasa wa sitini na tatu ulikuwa umefungia springi za mashine ya kudarizi ambayo sijawahi kuiona kwa macho, springi zisizonunuliwa na mtu. Kama ningekuwa mfanyabiashara mzuri zaidi kidogo, ungekuwa umeshauzwa. Kufika alasiri tulikuwa na karatasi nne kati ya tano. Ya tano, ukurasa wa kumi na moja na wa kumi na mbili, haikuwepo. Nilimpelekea Mama Ukurasa hizo nne. Hakusema asante. Alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka kwenye meza ya kupigia pasi, akainua pasi akaijaribu joto kwa kidole chenye mate. Kisha akasita, akageuka ukutani. Nikaenda zangu. Kuna biashara ambayo si vizuri kuikalia mpaka mwisho.

Jumamosi asubuhi alifika karakana kwa shemeji amevaa gauni lililonyooshwa, faili kifuani. Wanawake sita wakamwacha apite. Shemeji akamvutia kiti, akamwamkia, akamletea chai.

"Fundi, mashine ndiyo hiyo," shemeji akasema.

"Fundi ni huyo," Mama Ukurasa akajibu, akinielekezea kwa kijiko.

Shemeji akanitazama kuanzia viatuni. "Huyu? Huyu nyumbani kwake taa ikiungua anahamia chumba kingine."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikapiga magoti mbele ya mashine, ukurasa wa sitini na tatu umeegemezwa kwenye boksi la nyuzi, bado una joto la pasi, na tafsiri ya penseli kando yake.

"Soma kwa sauti," Mama Ukurasa akasema.

Nikasoma. Juu kabisa, ndani ya kiboksi, palikuwa na mistari miwili. "Onyo. Usizungushe gurudumu kinyumenyume kwa hali yoyote. Ukifanya hivyo, kigurudumu chenye nundu kinachoshusha kisu kitahama mahali pake, na kisu..."

Nikaurudia mstari kwa macho.

"Endelea," Mama Ukurasa akasema.

"...na kisu kitashuka kabla ya mshono kukamilika."

Shemeji aliweka pasi juu ya kikalio chake.

"Shemeji," akasema taratibu. "Siku ya kuniuzia, si ndivyo ulivyofanya? Ulilishika gurudumu ukalizungusha nyuma kwa kidole kimoja, ukaniambia, ona linavyokwenda lenyewe, jepesi kama baiskeli mpya?"

Ndivyo nilivyofanya. Ndivyo nilivyowafanyia wote, miaka ishirini na miwili. Gurudumu likienda mbele linabeba mzigo wa kisu na sindano, linakuwa zito kidogo. Likirudi nyuma linateleza. Mteja akiona linateleza, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Kwa maneno mengine, kila mashine ya matundu niliyoiuza niliitia ugonjwa mbele ya macho ya mnunuzi, kisha kisu kikigonga sindano na kuvunjika, nikamuuzia kingine.

"Ulizungusha mara ngapi?" Mama Ukurasa akauliza, uso mkavu, lakini kikombe kikitikisika kwa kicheko.

"Mara mbili," nikasema.

"Tano," shemeji akasema. "Na ya sita akanishika mkono nijaribu mwenyewe."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nami niliendelea kusoma, maana hakukuwa na lingine. Futa grisi kwenye kigurudumu chenye nundu. Tafuta nukta nyekundu. Sikuiona nukta. "Futa," akasema. Nikafuta. "Futa, hujafuta." Chini ya grisi ya miaka, nukta ikatokea, ndogo kama mbegu ya ufuta. Inua sindano hadi juu. Legeza skrubu mbili. Sogeza mpaka nukta itazamane na mfereji kwenye mkono wa mashine. Kaza ya kwanza, kisha ya pili, kisha rudi kwenye ya kwanza. Mara mbili nilimgeukia anisaidie, mara mbili akaelekeza kijiko kwenye ukurasa.

Lakini jambo moja nililiona, nami huwa natazama nyuso kwa sababu ndiyo kazi yangu. Hakuwa anatazama mikono yangu. Alikuwa anatazama mashine kama mtu anayesubiri jibu la hospitali. Hata yeye alikuwa hajui kama kitabu kinasema kweli. Miaka minne alikuwa amewaambia watu dawa iko ukurasa ule, na hakuna aliyewahi kuinywa.

Shemeji akaweka kitambaa chakavu. Nikakanyaga. Sindano ikaenda, ikazunguka, ikarudi, ikasimama. Kisha, peke yake, kwa wakati wake, kisu kikashuka. Shemeji alichukua kifungo, akakipitisha tunduni, akakivuta. Akakipitisha tena.

"Tundu hilo," akasema.

Mama Ukurasa alikunywa chai yake iliyopoa yote kwa mara moja. "Kumbe," akasema.

Mashati yalikabidhiwa Jumatatu, pungufu tisa, na tisa yale nilinunua kitambaa chake mimi. Shemeji bado ananialika, ingawa kila akiwa na mgeni anamsimulia habari ya baiskeli mpya, na kila mara idadi ya mizunguko inaongezeka. Aliposimulia mara ya mwisho, nilikuwa nimezungusha mara kumi na mbili.

Mama Ukurasa alikitoa kitambaa cha maua siku ile ile. Mashine yake sasa iko mlangoni, na washonaji wa mitaa ile, wasio na mashine ya matundu, wanampelekea mashati yao. Mashine ikikwama hasubiri mtu amalize chai. Alituma kitabu kwenye kundi, picha moja moja, na tafsiri, bila maneno ya kujisifu. Yule aliyetafuta ukurasa wa arobaini aliandika, "Mama, nisamehe." Naye akamjibu, "Umesoma?"

Mimi nimepoteza. Visu siuzi kama zamani, maana watu wamejua kwa nini vinavunjika. Gurudumu nalizungusha mbele tu, na wanunuzi wanaliona zito. Badala ya karatasi ya kufungia, sasa nanunua mifuko. Nilichopata ni kwamba mteja akiniuliza kama mashine ina kitabu, nasema inacho, na bei napandisha kidogo. Hilo Mama Ukurasa hakulikataza, kwa sababu hakulifikiria. Au alilifikiria akaniachia. Kwa mama yule huwezi kujua.

Ukurasa wa kumi na moja na wa kumi na mbili haujapatikana mpaka leo. Unahusu mahali pa kutia mafuta. Watu mia nne na hamsini wanacho kitabu kwenye simu zao, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba karatasi moja haipo. Wiki iliyopita mtu aliuliza kwenye kundi mafuta ya mashine ya matundu yanatiwa wapi. Jibu likaja kabla hata sijamaliza kusoma swali.

"Soma kitabu. Ukurasa wa kumi na moja."

Wakaanza kumcheka kama kawaida. Mimi najua maana yake, na ni mimi peke yangu. Nikaweka simu chini, nikachukua ngazi, nikaanza kufungua vifurushi vya rafu ya juu.